Kusamehe ni lazima nitoe kesi? Hadithi ya Gladys Staines imeniacha na maswali

Binti_wa_Kayole

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie na hii maneno juu imenikalia kwa roho tangu ibada ya Jumapili na huku mtaani siwezi uliza mtu, kila mtu ananijua na anajua familia yetu.

Pasta wetu alihubiri msamaha, akatupea hadithi ya Gladys Staines. Kwa wenye hawaijui, bwana yake Graham alikuwa mmisionari kutoka Australia, alienda India mwaka 1965 akakaa huko jimbo la Orissa akihudumia watu wa ukoma pale Baripada. Januari 1999 akaenda na vijana wake wawili, Philip wa miaka 10 na Timothy wa miaka 6, kwa mkutano wa Wakristo kijiji inaitwa Manoharpur. Usiku wakalala ndani ya gari, kundi la watu likakuja likazingira hiyo gari likaiwasha moto, wanakijiji walijaribu kusaidia wakafukuzwa, na baba na watoto wake wawili wote wakafia hapo ndani. Gladys alibaki na msichana mmoja, Esther, wa miaka 13. Na huyu mama akasema amewasamehe, si ati baada ya miaka kumi, ni siku hizo hizo kabla machozi hayajakauka, halafu hakufunga mizigo arudi kwao, akabaki pale pale akiangalia wale wagonjwa wa ukoma mpaka 2004.

Kanisa ilinyamaza kabisa. Mimi nililia sana. Juu mimi ni mama, nikawaza huyo wa miaka 6.

Sasa shida ni kenye kilifuata. Babangu alipofariki alituachia ploti Kamulu. Baba mdogo, ndugu wa baba wa toka nitoke, akatengeneza makaratasi yakionyesha mama amekubali kuuza, akauza, pesa akakula. Mamangu akiandika jina lake anachukua dakika nzima na herufi zinapanda zikishuka, lakini kwa hayo makaratasi kuna saini imelala vizuri kama ya karani wa benki. Tuliripoti polisi na kesi iko kortini. Mama sahi tunaishi na yeye hapa Kayole, chumba moja, pamoja na watoto wangu.

Mwezi uliopita baba mdogo akatuma watu waseme ameokoka. Akakuja na wazee wawili wa ukoo, mkate na sukari kilo mbili, akapiga magoti mbele ya mama akasema nisamehe mke wa ndugu yangu. Mama akamwekea chai, akamwambia nimekusamehe. Mimi nilisimama mlangoni tu nikiangalia viatu vyake, mpya, ngozi. Alikunywa chai yote na hakutaja ploti hata mara moja. Hakutaja pesa. Wakati wanatoka ndio mzee mmoja akaniambia sasa mambo yameisha, uende utoe ile kesi.

Na baada ya ile ibada pasta akaniita kando akaniambia kama huyo mama wa India alisamehe watu walichoma watoto wake, wewe ni nani ushikilie ploti, nenda uondoe kesi kabla Pasaka ndio ushiriki meza ya Bwana na moyo safi.

Swali langu ni hili. Kusamehe ndio kutoa kesi? Na la pili, kila nikimuona baba mdogo kifua kinawaka, hata nikiskia tu sauti yake. Nimeomba, nimefunga, bado kinawaka. Hiyo inamaanisha sijasamehe? Naogopa kuenda meza ya Bwana hivi.

Nesi_Umoja

Pole sana dadangu, na pole kwa mama. Hiyo ya viatu nimeiskia mpaka kwa tumbo.

Wacha nikwambie kitu kuhusu Gladys juu mimi hii hadithi nimeifuatilia miaka, mimi ni nesi na yeye pia alikuwa nesi, ndio maana ilinishika. Mchungaji wenu amewapea nusu ya kwanza na ni ya kweli kabisa, lakini kuna nusu ya pili. Wale watu walishikwa. Kesi ilienda, ikachukua muda, na mwaka 2003 korti ikampata na hatia Dara Singh aliyeongoza lile kundi ikamhukumu kifo, wengine wakapewa kifungo cha maisha. 2005 korti ya juu ya jimbo ikapunguza ikawa kifungo cha maisha, na Januari 2011 Mahakama ya Upeo ya India ikakubaliana na hiyo. Sasa, wakati hukumu ya kwanza ilitoka watu wa magazeti walimwendea Gladys wamuulize, na kenye alisema ni kwamba yeye ameshawasamehe, lakini msamaha na matokeo ya uhalifu ni vitu viwili na visichanganywe. Yaani yeye mwenyewe, huyo mama mnayeambiwa mumuige, ndiye alitenganisha hivyo vitu.

Hakuenda kusema wafunguliwe. Pia hakuenda kulilia wanyongwe. Aliachia korti kazi ya korti, yeye akarudi kwa kazi yake ya kufunga vidonda vya watu ambao hata jamaa zao walikuwa wamewatenga. Kwangu huo ndio msamaha ulionekana kwa mikono yake. Mtu akiwa na chuki hawezi amka kila asubuhi akahudumia watu wa hiyo sehemu alipopoteza bwana na watoto, hata kama si hao walimkosea. Serikali ya India yenyewe ilimtunuku Padma Shri 2005, ni heshima kubwa kwao.

Kwa hivyo mtu akikwambia fuata Gladys, mwambie sawa, nitamfuata, lakini nimfuate mzima.

Kijana_wa_Rongai

Mimi naona tofauti kidogo na nasema kwa upendo. 1 Wakorintho 6 iko wazi, Paulo anawakemea waumini kupelekana kortini mbele ya wasioamini, anauliza mbona msikubali kudhulumiwa, mbona msikubali kunyang'anywa. Baba mdogo sasa ni ndugu katika Kristo. Ploti itabaki hapa duniani. Na Yesu msalabani hakuweka masharti, alisema Baba uwasamehe kwa maana hawajui watendalo. Nadhani dada ukiachilia Mungu atakufungulia mlango mwingine, nimeona akifanya.

Mzee_wa_Uamsho

Kijana wa Rongai nimekuskia na hiyo sura ni Neno la Mungu, hatuwezi iruka. Lakini isome yote. Mstari wa 5 Paulo anauliza, kwani kati yenu hakuna hata mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake? Hakusema maneno yasikatwe, anasema kanisa ndiyo ikae chini iyakate. Sasa nikuulize, hao wazee wawili na pasta, kuna siku waliketi wakamuita baba mdogo wakamuuliza uliuza kwa nani, kwa pesa ngapi, iko wapi, utarudisha lini? Kutoka kwa maelezo ya huyu binti hakuna aliyeuliza. Wamekata maneno kwa kuambia mjane na binti yake wanyamaze. Halafu endelea mpaka mstari wa 8, anageukia yule anayedhulumu ndugu yake, na ni mkali zaidi. Hiyo mbona haijahubiriwa kwa baba mdogo?

Mimi ni mtu wa zamani kidogo, wazazi wangu walikuwa wa uamsho, wale wa wimbo wa Tukutendereza. Uamsho ulitoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Uganda, ukafika hapa kwetu. Na moja ya vitu vilijulikana kwa hao ndugu ni kurudisha. Mtu akiokoka alikuwa anarudi kwa mwajiri na kijiko alichoiba, na jembe, na mbuzi, wengine walikuwa wanatembea siku nzima kuenda kulipa deni yenye mwenye kudai alikuwa ameshasahau. Hakuna mtu aliyeshuhudia wokovu akikalia mali ya mjane, wangemuuliza papo hapo mbele ya watu. Walimsoma Zakayo venye ameandikwa, Luka 19:8, «na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne». Na angalia ni baada ya hapo ndio Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Zakayo hakuambiwa arudishe, alisimama mwenyewe. Sukari kilo mbili si kurudisha.

Kisha kuna Festo Kivengere, huyu nilimskia akihubiri nikiwa kijana. Askofu wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Anglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamika juu ya watu kuuawa na nyumba ya askofu mkuu kuvamiwa na wanajeshi usiku. Tarehe 16 mwezi huo huo Askofu Mkuu Janani Luwum akaitwa na serikali, Kivengere alikuwa kati ya wale walimngoja nje mpaka wakaambiwa waende nyumbani, kesho yake redio ikatangaza amekufa kwa ajali ya gari. Watu waliona mwili una risasi. Kivengere na mkewe wakavuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Sasa huyu mtu, akiwa London Ijumaa Kuu ya mwaka huo ameketi kanisani akiskiza maneno ya Yesu ya uwasamehe, akagundua moyo wake umekuwa mgumu kwa sababu ya Amin, na hapo akaamua kumsamehe, akatoka akasema hadharani na kuandika kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walimkasirikia, hata wakimbizi wenzake.

Lakini je, alirudi Kampala akajipeleka kwa Amin? Aliacha kusema ni nani aliua Luwum? Hapana. Alizunguka dunia akieleza yaliyotendeka Uganda na akasaidia wakimbizi, akarudi kwao 1979 Amin akiwa ameshaanguka. Alifia hapa Nairobi 1988. Alisamehe na akasema ukweli, mdomo huo huo.

Binti, na wewe pia soma Hesabu 27, wale binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila kijana, wakaenda mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao asisahaulike. Na Mungu akasema wanasema haki. Hakuna mahali waliambiwa hamna upendo.

Nesi_Umoja

Amina mzee. Hapo kwa Zakayo umenipatia kitu.

Mama_Neema_Buruburu

Nataka kujibu lile swali la pili juu naona wote mmekimbilia kesi, na huyu dada amesema kifua kinawaka na anaogopa meza ya Bwana. Hiyo ndiyo inamnyima usingizi.

Dada, kuna Corrie ten Boom, mwanamke wa Haarlem, Uholanzi, familia yao walikuwa mafundi wa saa. Wakati wa Hitler walificha Wayahudi kwa nyumba yao. Februari 1944 wakashikwa, baba yake mzee wa miaka 84 akafa jela baada ya siku kumi tu, yeye na dadake Betsie wakaishia kambi ya Ravensbrück Ujerumani, na Betsie akafia huko Desemba. Corrie akatoka akaanza kuzunguka akihubiri msamaha. 1947 yuko Munich, amemaliza kuhubiri, mwanaume anakuja mbele na kofia mkononi, Corrie akamtambua hapo hapo ni mlinzi wa Ravensbrück. Yeye hakumkumbuka Corrie. Akamwambia nilikuwa mlinzi kwa ile kambi, nimekuwa Mkristo, Mungu amenisamehe, lakini ningependa niskie pia kwa mdomo wako, utanisamehe? Akanyoosha mkono.

Na Corrie, aliyekuwa ametoka tu kuhubiri hayo maneno, mkono ukakataa kuinuka. Anasema alisimama hapo moyoni hakuna kitu, baridi tu, akimfikiria Betsie. Kisha akaomba kimoyomoyo, Yesu nisaidie, mkono ninaweza kuinua, hiyo tu ndio naweza, hisia utaleta wewe. Akainua mkono kama mtu anaulazimisha. Na ni baada ya kumshika mkono ndio joto likaja akalia.

Unaona mpangilio? Uamuzi kwanza, moyo ukafuata. Kwa hivyo kifua kuwaka si ushahidi kwamba hujasamehe. Na kuna kitu ingine alisimulia mwenyewe, kwamba miaka baadaye kuna marafiki walimkosea, akasamehe, lakini usiku anaamka bado anaumia, akaenda kwa mchungaji mmoja. Mchungaji akamuonyesha kengele ya kanisa, akamwambia mwenye kupiga akishaachilia kamba kengele bado inalia kidogo kidogo mpaka inyamaze, kama umeachilia kamba usishtuke ukiskia mlio.

Mimi binafsi nilikuwa na mtu wa kusamehe, sitaeleza hapa, na kilichonisaidia ni kuacha kumhadithia. Sio kuficha, yaani nikiulizwa na mwenye anastahili kujua nasema ukweli, lakini niliacha kumtoa kila siku kwa chai na majirani. Pia nikaanza kumtaja kwa maombi kwa jina lake, mwanzo nilikuwa nasema jina tu halafu nanyamaza juu sina cha kuongeza. Iliendelea hivo muda mrefu. Enda meza ya Bwana dada, hiyo meza ni ya watu wanaohitaji kusaidiwa kusamehe.

Karani_wa_Milimani

Nimefanya kazi na mawakili miaka mingi kwa hivyo niongeze upande wa korti juu naona watu wanasema toa kesi kama ni kutoa nguo kwa kamba.

Kwanza ujue uko na kesi gani. Kama ni ya jinai, ya kughushi na kuuza kwa ulaghai, hiyo kesi ni ya Jamhuri, wewe na mama ni walalamishi na mashahidi. Unaweza kuomba kuondoa malalamiko lakini korti ndiyo inakubali ama inakataa. Kwa hivyo hata pasta akikusukuma, si ati unaamka unaifuta. Kama ni ya shamba yenyewe, ya kutaka ploti irudi, hiyo ndio yenu na hapo ndipo mko na nguvu ya kuongea.

Pili, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inasema taito iliyopatikana kwa ulaghai inaweza kufutwa, sasa kujua nani ako na taito leo ni muhimu sana. Mfanye utafutaji kwa ofisi ya ardhi mara moja, na mwambie wakili aweke kizuizi isiuzwe tena wakati mnaongea ya msamaha. Nimeona familia zikipatana Jumapili na Jumatano ploti ishaenda kwa mtu wa tatu.

Tatu, na hii naisema kama Mkristo pia, katiba yetu ya 2010 kifungu cha 159 kinataka korti ziendeleze upatanisho na usuluhishi, na tangu 2016 kuna upatanishi wa korti ulianzia hapa Milimani. Mnaweza kuketi na mpatanishi, baba mdogo aseme atalipa aje, kwa muda gani, iandikwe, isainiwe, ipelekwe kortini iwe amri. Kama kweli ameokoka hiyo karatasi haitamuuma. Usikubali kutoa kesi kwa ahadi ya mdomo.

Kijana_wa_Rongai

Mzee wa Uamsho nimerudi nikasoma mpaka mstari wa 11. Uko sawa, sikuwa nimewaza swali la nani kanisani alikaa kusikiza. Lakini bado nauliza, je kama baba mdogo hana kitu, amekula zote, hawezi lipa hata robo? Hapo dada afanye nini?

Mzee_wa_Uamsho

Hilo ni swali zuri. Mtumwa wa Mathayo 18 alikuwa na deni asingeweza kulipa maisha yake yote na bwana wake akamsamehe deni lote. Mama akitaka kumsamehe deni ni haki ya mama, na ni neema kubwa, hakuna mtu atamlaumu. Lakini deni linasamehewa likishasemwa ni kiasi gani. Hesabu iliwekwa mezani kwanza, talanta elfu kumi, imeandikwa. Aje aseme, niliuza kwa pesa hizi, nimebaki na hizi. Halafu mwenye haki ndiye anaamua aachilie ngapi, si wazee, si pasta, na si mimi.

Binti_wa_Kayole

Wapendwa asanteni sana, sijui niseme nini. Nimemsomea mama yote jana usiku watoto wakiwa wamelala. Hiyo ya Corrie alinifanya nirudie.

Nilimuuliza mama, wewe ulipomwambia nimekusamehe ulimaanisha nini. Akasema alimaanisha hatamlaani, na hatawahi ambia wajukuu wamchukie, na akifa ataenda kumzika. Nikamuuliza na ploti je. Akaniangalia kama mtu ameulizwa kitu ya ajabu akasema ploti ni ya babako, hiyo sikumpea.

Kwa hivyo nitafanya hivi. Nitaenda kwa pasta wiki hii nimuombe yeye mwenyewe aite baba mdogo na wale wazee wawili, tuketi, na aulize yale maswali mzee ameandika, nimeyanakili kwa daftari. Nitamwambia kwa heshima kwamba kesi sitoi sahi. Na kwa mpatanishi wa korti nataka niende na mama. Karani, huo utafutaji wa ofisi ya ardhi unahitaji nini, na ni lazima niwe na wakili ama naweza fanya mwenyewe?

Baba mdogo nimeanza kumtaja kwa maombi. Jina tu kwa sasa.

Karani_wa_Milimani

Unaweza fanya mwenyewe. Unahitaji namba ya ploti venye imeandikwa kwa taito ama kwa makubaliano ya kununua ya babako, kitambulisho chako, na ada kidogo, siku hizi inafanywa kwa mtandao kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi, kama hiyo sehemu imeshaingizwa, kama haijaingizwa unaenda ofisi yenyewe. Chukua majibu kwa karatasi yenye muhuri, usikubali kuonyeshwa kwa simu. Na kabla uende kwa pasta, peleka kopi ya ile saini na kopi ya kitambulisho cha mama kwa wakili, aziweke pamoja kwa faili moja.